Ukanda wa nyasi kati ya zizi na lambo: jiandae kabla ya mvua ya kwanza

Kwa mfugaji wa Dodoma, mvua ya kuogopa zaidi ni ile ya kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Tangu Mei samadi imerundikana zizini, ardhi iko tupu na kwato zimeishindilia ikawa ngumu. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye zizi la mita 20 kwa 20 ni lita 12,000 za maji, na mengi hushuka na kinyesi hadi lamboni. Virutubisho vya kinyesi hicho, nitrojeni na fosforasi, hulisha mwani; maji hugeuka kijani na kunuka, na baadhi ya mwani huo una sumu inayoweza kuua ng'ombe.

Ukanda wa nyasi hupunguza kasi ya maji. Udongo na kinyesi hutuama pamoja na fosforasi iliyoshikamana nao, maji yanayozama huacha nitrojeni mizizini. Hayo hutokea maji yakipita yametandazika. Yakishapata njia moja, hata mita 20 za nyasi hazifui dafu, kwa hiyo vijikorongo vizibwe kwanza.

Anzia juu ya zizi. Chimba mtaro wa kina cha sm 30 na upana wa sm 50, ukishuka sm 1 kila mita 2, udongo utupwe upande wa chini. Maji safi ya mlimani yapite pembeni bila kugusa samadi. Chini ya zizi pima kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko, kwa fremu A (miti iliyofungwa kama herufi A, yenye timazi); ukanda uufuate. Mteremko ukiwa chini ya asilimia 5, ukanda wa upana wa mita 10 unatosha. Ukizidi hapo, weka 15 hadi 20. Zizi lenyewe lisisogee lamboni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa.

Nyasi za bafeli (Cenchrus ciliaris) zinauweza ukame wetu. Ukanda wa mita 100 kwa 10 unahitaji nusu kilo ya mbegu. Zina manyoya na hugandana, basi changanya na mchanga mkavu, nyunyiza udongo ukishalowa vizuri, funika kwa sm 1 tu, kisha kanyagia. Mbegu zilizovunwa juzi huota kwa shida. Tumia zilizokaa ghalani angalau miezi 6. Ukingo wa juu panda mstari mmoja wa vetiva (nyasi za mashina magumu yaliyosongamana), shina kila sm 15, ili utandaze maji.

Mwaka wa kwanza usikate mapema. Baadaye kata zinapochanua, acha visiki vya sm 15, na majani uyatoe nje ya ukanda ukalishe. Yakiozea hapo, virutubisho hurudi palepale.

Kanda nyingi hufia kiangazi. Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, ikimaliza mabua inahamia kwenye ukanda, na mvua inakuta vumbi. Zungushia miba kuanzia Juni, na mkubaliane na majirani kupitia sheria ndogo za kijiji. Mchwa nao hula visiki vikavu. Kagua Oktoba, pandikiza mapengo mvua zikishika. Oktoba hiyohiyo komba samadi zizini uipeleke shambani.

Kila baada ya mvua kubwa tazama ukingo wa juu. Udongo unaotuama hujenga kijituta, maji yanakifuata hadi yanapata upenyo na kuchimba. Kikifika sm 10, kisawazishe kwa jembe.