Vyenye betri vipande ndege pamoja nawe: kupanga simu, tableti na chaja za familia safarini

Sisi watu wa Mombasa tukisafiri na familia, kachri na mabuyu na achari za kupelekea wenyeji zinafungwa vizuri nailoni mara tatu, lakini chaja ndio zinarushwa ndani ya begi teksi ishapiga honi nje. Hebu tuanze na hizo chaja.

La kwanza kabisa ni pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu. Haiingii kwenye begi la kuchekiin, hata moja, hata ndogo, inapanda na wewe. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani inajipasha moto yenyewe, sasa ikianza kufuka moshi huku juu mhudumu ataiona na kuimwagia maji, lakini huko chini tumboni mwa ndege nani atajua? Na hata huku juu ni hatari isipoonekana: Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Busan, Korea Kusini, kabla haijaruka, na wachunguzi wakasema huenda chanzo ni pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti (abiria wote walitoka, alhamdulillah).

Halafu kuna mahesabu. Nguvu ya betri hupimwa kwa Wh (wati-saa), na mashirika mengi yanakubali mpaka Wh 100 bila maneno, kati ya 100 na 160 mpaka wakupe ruhusa, zaidi ya hapo haipandi. Chukua mAh, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki, zidisha mara 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inakuja Wh 74, uko sawa, ya 30,000 ni 111, ishavuka. Ndio maana zile za barabarani zilizoandikwa 50,000 na ukiishika ni nyepesi kama kipande cha sabuni zitakuponza, maana afisa anasoma kilichoandikwa, na hapo anapata Wh 185 hata kama ndani hakuna kitu! Na maandishi yakiwa yamefutika pia waweza kunyang'anywa. Emirates tangu Oktoba 2025 ni moja tu kwa kila mtu, tena usiitumie ndani ya ndege, kwa hivyo soma masharti ya shirika lako kabla hujaigawia familia nzima.

Plagi sasa. Dubai na Uingereza wana soketi kama zetu, miguu mitatu ya mraba, hapo huna haja ya kununua kitu. Istanbul ni mbili za mviringo. Badala ya kununua adapta ya kila mtu, beba moja nzuri na estensheni yako ya nyumbani ya tundu nne, unachomeka adapta ukutani kisha familia yote inachaji hapo hapo, na asubuhi hakuna chaja itakayosahaulika nyuma ya kitanda. Ila ni ya simu na tableti tu, pasi usiichomeke hapo. Wanaokwenda Marekani, umeme wao ni volti 120, soma nyuma ya chaja, ikiandikwa INPUT 100-240V haina shida, chaja nyingi za simu na laptopu ziko hivyo. Pasi na blodraya (za kukaushia nywele) za huku ziache tu nyumbani.

Laptopu na tableti ziweke juu kabisa ya begi la mkononi maana mara nyingi watakwambia uzitoe begini zipite kwenye mashine ya ukaguzi, na ukiwa na watoto watatu na viatu vya kuvua hutaki kuanza kuchimbua chini ya nepi. Mkianzia na treni ya SGR mpaka Nairobi, pale stesheni ya Miritini mabegi yanapangwa chini yanuswe na mbwa, basi vifaa vyote viwe begi moja mtu mzima mmoja alijue. Katuni dawnlodi usiku wa kuamkia safari kwa waifai ya nyumbani, na kila mtoto na hedfoni zake, jirani yako wa kiti hataki kusikia.

Laini yako ya huku usiitoe kabisa, zima data ya roming tu, namba za uthibitisho za benki zinakuja hapo kwa meseji. Piga *#06# uandike IMEI (namba ya utambulisho) ya kila simu kwenye karatasi. Na kama ni Dubai, mwambie nyanya mapema kwamba kule simu za WhatsApp hazipiti, meseji na sauti za kurekodi ndio zinafika, la sivyo atakesha akidhani mmepotea.