Kabla ya siku ya kliniki: maandalizi kwa aliyemaliza matibabu ya saratani

Dripu ya mwisho au siku ya mwisho ya mionzi haifungi faili la mgonjwa wa saratani. Kwa saratani nyingi, miaka 2 au 3 ya mwanzo mgonjwa huitwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, kisha miadi huachana zaidi hadi mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka. Ratiba hutegemea aina ya saratani na hatua iliyokuwa imefikia, kwa hiyo usijilinganishe na mgonjwa mwenzako. Shida ni kwamba muda wa kukaa na daktari ni mfupi, na usipojiandaa nyumbani utaisha kwa "naendelea vizuri, daktari".

Cha kwanza, na kwangu mimi ndicho kinachozidi vyote, ni muhtasari wa matibabu. Uombe kwa maandishi kabla hujaagana na waliokutibu. Uonyeshe jina la saratani kama lilivyo kwenye majibu ya biopsi (kipimo cha kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe), hatua yake, upasuaji uliofanyiwa na tarehe zake, majina ya dawa na jumla ya dozi, na sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi. Watu wengi hubeba kadi ya miadi peke yake, wakiulizwa dawa wanasema "ile dripu nyekundu". Mara nyingi hiyo ni doxorubicin, na hatari yake kwa moyo huongezeka kadiri jumla ya dozi ulizowahi kupata inavyokuwa kubwa. Madhara yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Cisplatin, dawa nyingine ya dripu, inaweza kuumiza figo, kupunguza usikivu na kuacha ganzi vidoleni. Mionzi ya shingoni inaweza kuidhoofisha tezi ya thiroidi. Daktari mgeni asiyejua ulipewa nini atajuaje akupime nini? Piga picha karatasi hiyo iwe kwenye simu, na nakala moja akae nayo ndugu unayemwamini.

Cha pili ni daftari la dalili. Andika maumivu yalianza lini, yako wapi, yanazidi au yanapungua, yanakuamsha usiku au la. Ukishakaa mbele ya daktari, nusu ya uliyotaka kusema hupotea. Lakini daftari si mahali pa kuficha jambo likingoja miadi. Uvimbe mpya, kikohozi kisichoisha kwa wiki kadhaa, maumivu ya mfupa yasiyotulia, kupungua uzito bila sababu, macho kuwa ya njano, damu mahali isipostahili kuwapo: piga simu sasa, hata kama kliniki ni mwezi ujao. Mwanamke anayemeza tamoxifen (kidonge cha homoni cha saratani ya matiti) akitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi naye asisubiri, kwa kuwa dawa hiyo huongeza kiasi hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Vipimo navyo vina masharti yake. Kolonoskopi (kutazama ndani ya utumbo mpana kwa kamera ndogo), ambayo aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana huifanya kwa kawaida mwaka mmoja hivi baada ya upasuaji, hudai utumbo usafishwe kabla. Usiposafika vizuri, huenda ukarudia yote. Kwa CT skani ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha, taja mapema mzio, ugonjwa wa figo, na metformin (dawa ya kisukari) kama unaimeza. Siku ya mamografia (picha ya eksirei ya matiti) usipake chochote kwapani. Picha za zamani zibebe zenyewe, si ripoti tu, maana doa dogo halielezeki mpaka lilinganishwe na la mwaka jana.

Orodhesha kila unachomeza, mitishamba na vitamini zikiwemo. Na kama uliacha vidonge vya homoni kwa sababu ya joto mwilini au viungo kuuma, sema tu. Vidonge hivyo kwa saratani ya matiti humezwa miaka 5, wengine hadi 10, na daktari anaweza kubadilisha dawa. Hawezi kubadilisha asichoambiwa.

Hofu ya kusubiri majibu ni ya kawaida, nayo itaje. Nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza na kuandika. Kabla hujainuka kwenye kiti, uliza majibu yatatoka lini, nani atakueleza, na namba gani upige likitokea jambo usiku.