Kabla ya kulipa kodi Kisesa, Usagara au Kayenze: mambo ya kuzingatia kwa anayefanya kazi Mwanza na anayependa baiskeli

Ukitaka kuhama katikati ya Mwanza kwa sababu ya kodi, anza na barabara, nyumba ije baadaye. Jiji limebanwa kati ya ziwa na milima ya mawe, kwa hiyo karibu kila anayekaa nje huingia mjini kwa moja ya njia tatu. Ya kwanza ni Barabara ya Kenyatta, inayotoka Usagara kupitia Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni. Ya pili ni Barabara ya Nyerere, inayotoka Kisesa kupitia Igoma, Nyakato na Mabatini. Ya tatu ni Barabara ya Makongoro, inayotoka upande wa uwanja wa ndege kupitia Pasiansi na Kirumba. Ukishachagua chumba, umechagua pia foleni ya barabara yake, nauli yake, na njia za baiskeli utakazozipata nyuma ya nyumba. Chumba kibaya kinapakwa rangi na kubadilishwa kitasa. Barabara isiyokufaa utaishi nayo hivyo hivyo mpaka siku unahama.

Kwa hiyo jiulize kwanza unafanya kazi wapi hasa. "Mjini" haitoshi. Mtu wa Kirumba akipanga Buhongwa anavuka jiji zima kila siku, na mara nyingi atapanda magari mawili. Mtu wa viwandani Nyakato akikaa Kisesa yuko karibu na kazi kuliko mwenzake anayekaa Nyegezi, ingawa kwenye ramani Nyegezi inaonekana jirani na kila kitu.

Kisha jaribu safari kabla ya kuongea na dalali. Usiende Jumapili mchana, maana Jumapili hata Usagara iko karibu. Nenda Jumatatu, na kama inawezekana iwe mwisho wa mwezi. Simama kituoni saa 12 na nusu asubuhi, hesabu magari mangapi yanapita yakiwa yamejaa kabla hujapata nafasi, kisha andika saa uliyopanda na saa uliyofika mlangoni kwa kazi yako. Jioni fanya hivyo hivyo kuanzia saa 11 na nusu. Jioni ndiyo inayowashinda wengi: asubuhi gari linajaa njiani, lakini jioni linajaa mjini kabla halijaondoka, na konda anapendelea abiria wa karibu kwa sababu kiti kimoja anakiuza mara mbili. Anayeshuka mwisho wa njia anaweza kuachwa.

Hesabu ya pesa ifanyike kwa mwezi mzima. Tuseme nauli ni shilingi 800 na unafanya kazi siku 26. Kwenda na kurudi ni 41,600. Kama nyumba iko ndani na unahitaji bodaboda ya shilingi 1,000 kutoka kituoni asubuhi na jioni, hapo pana 52,000 nyingine. Chumba kilichopo ndani kikiwa na kodi ndogo kwa 30,000 kuliko cha karibu na lami, umepata hasara ya 22,000 kila mwezi, na bado hujaloweshwa na mvua. Baiskeli ndiyo inayoigeuza hesabu hii. Kilomita 2 kutoka kituoni ni dakika 8 hadi 10 kwa baiskeli ya kawaida, ilimradi upo mtu wa kuaminika wa kuachiwa baiskeli hapo kituoni. Fundi baiskeli ni bora kuliko duka, kwa kuwa anafungua mapema, na anaijua baiskeli yako hata ikichukuliwa na mtu mwingine. Elewaneni bei ya mwezi mapema, na bado ifungwe kwa mnyororo.

Sasa maeneo yenyewe.

Kisesa iko wilaya ya Magu, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Kwa mpenda baiskeli ni mahali pazuri kuliko bei yake. Kuna kilima cha Bujora chenye makumbusho ya Wasukuma, kuna njia za vijijini zinazopita kati ya mawe na mashamba ya mpunga, na kuna lami inayokwenda Usagara bila kupita mjini, kama kilomita 17. Lami hiyo inavutia, lakini malori ya Musoma na Shinyanga nayo huikimbilia ili yakwepe jiji. Iendeshe asubuhi ya Jumapili, na uipime kwa macho kabla: mabega yake yakiwa na mchanga au yakiwa chini ya lami kwa zaidi ya nusu kiganja, hutaweza kutoka barabarani kwa usalama lori likikupigia honi. Tairi la mbele likishuka kwenye ukingo kwa pembe ndogo na ukajaribu kupanda tena, linateleza sambamba na ukingo, unaanguka upande wa gari. Ukishashuka, simama kabisa ndipo upande tena kwenye lami.

Usagara, wilaya ya Misungwi, ni njiapanda: upande mmoja Shinyanga, upande mwingine Sengerema na Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na tangu hapo foleni ya kivuko cha hapo imekwisha. Faida ni kwamba usafiri wa kupita ni mwingi. Kasoro ni kwamba mabasi ya mbali hayana saa zako, na kasi ya magari pale njiapanda ni kubwa. Kwa safari ndefu za mwisho wa wiki hakuna mahali panapoishinda. Unaweza kuvuka daraja, ukapita Sengerema, ukashuka Kamanga na kurudi mjini kwa kivuko, mzunguko wa siku nzima. Uliza kivuko cha mwisho ni saa ngapi kabla ya kuondoka nyumbani. Ukikikosa, itabidi urudi ulikotoka au utafute pa kulala.

Buhongwa ni chaguo la anayetaka karibu zaidi. Nyuma yake kuna njia ya kwenda Igoma kupitia Kishiri, ambayo inakuwezesha kutoka barabara moja kuu hadi nyingine bila kukanyaga katikati ya jiji. Nyumba zinajengwa kwa kasi pande hizo, kwa hiyo njia uliyoipenda leo inaweza kukatwa na uzio mwakani. Pima njia zilizo kwenye ramani ya mtaa, usitegemee vichochoro.

Kayenze na Igombe, kaskazini mwa Ilemela, ndiko ziwa liliko. Upepo, mialo ya wavuvi, vilima vidogo vinavyofuatana. Kwa kuendesha ni kuzuri sana, kwa kazi ya mjini ni mbali, na magari hupungua mapema jioni. Tungemshauri ahamie huko yule ambaye kazi yake iko Pasiansi, uwanja wa ndege au Kirumba, si zaidi ya hapo. Ukiendesha kando ya ziwa jioni vaa miwani myeupe, maana wadudu wa ziwani hutoka kama moshi na huingia machoni. Usioshe baiskeli wala miguu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kichocho kinapatikana hapo hapo.

Kamanga, ng'ambo ya ghuba, inawavutia wengi kwa kuwa kivuko kinafika katikati kabisa ya mji. Ifikirie tu kama kazi yako iko hatua chache kutoka gatini na mwajiri wako anaelewa siku ya dhoruba.

Jambo ambalo wageni hulisahau ni mwanga. Saa ya Tanzania imewekwa kwa mstari wa longitudo 45, na Mwanza iko karibu na 33, kwa hiyo jua la hapa linachelewa kwa dakika 48 hivi. Hutegemea mwezi, lakini kwa kawaida huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro dakika chache asubuhi. Anayetoka Kisesa kwa baiskeli saa 12 kamili anaendesha gizani, kwenye saa ambazo malori na mabasi ya mbali yanaondoka. Taa ya mbele peke yake haitoshi, maana hatari inatoka nyuma. Weka taa nyekundu nyuma, na kipande cha kiakisi kwenye kila pedeli: kwa kuwa kinapanda na kushuka, dereva anatambua mara moja kwamba mbele ni mtu. Fidia ipo jioni, kwani mwanga unabaki hadi karibu saa 1.

Udongo nao uchunguzwe. Juu ya vilima na kandokando ya mawe ni mchanga mwepesi, ule Wasukuma wanaouita luseni. Unapitisha maji haraka, na saa chache baada ya mvua unaendesha vizuri, ila wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, unakuwa mlegevu na tairi jembamba linazama. Mabondeni ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka ukikauka. Ukilowa unanata kwenye tairi na kujaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu halizunguki. Ukijaribu kulilazimisha, madigadi yanajikunja na cheni inakatika. Kwa hiyo mwulize mwenyeji swali hili: "Mzee, masika mnapitaje hapa?" Salimia kwanza, "mwangaluka" kama ni asubuhi, na usiwe na haraka. Akikuonyesha njia ya kuzungukia juu, basi ile fupi haipo Machi hadi Mei, na huenda haipo tena Oktoba hadi Desemba. Weka umbali wa njia ya juu kwenye hesabu zako.

Baiskeli ya Phoenix au aina yake, yenye tairi za 28 kwa 1½, inafaa kwa lami na moramu iliyoshindiliwa, na kipuri chake kinapatikana hata gulioni. Kwa mchanga na mawe, tairi za inchi 26 zenye upana wa inchi 2 zinasamehe zaidi. Breki za vyuma vya kuvuta zinafanya kazi vizuri rimu ikiwa kavu. Rimu ya chuma ikilowa, umbali wa kusimama unaongezeka sana, kwa hiyo kwenye mteremko wakati wa mvua anza kugusa breki mapema ili zifute maji, kisha ndiyo ukaze. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi huwa na spoku 40, la mbele 32. Zipige moja moja kwa kucha kila wiki. Inayotoa mlio mzito imelegea, na ukiiacha jirani zake zitakatika, rimu itapiga nane.

Pancha nyingi za huku ni za mbigili. Kosa la kawaida ni kuziba tyubu na kuirudisha huku mwiba ungali ndani ya tairi, ukaenda mita 200 ikaisha tena. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Kitakwama mwiba ulipo, nawe hutajikata kidole. Beba tyubu moja nzima, viraka na gundi, pampu, na spana ya 15 kama nati za gurudumu ni za namba hiyo. Cheni ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, itiwe mafuta mepesi tone kwa tone kwa ndani, kisha ifutwe tena kwa nje. Grisi iliyopakwa juu inashika mchanga na kuila. Pima kwa rula: vipingili 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, yaani sentimita 30.5. Zikifika 30.8 badilisha cheni, la sivyo itakula na friwili.

Baada ya yote hayo, ndipo nyumba. Baiskeli ina urefu wa karibu sentimita 185 na usukani wa 60, basi pima korido na mlango, na muulize mwenye nyumba kama inalala ndani. Baiskeli ya kulala uani haidumu. Kuhusu maji, waulize wapangaji, si dalali: bomba linatoka siku ngapi kwa wiki, saa ngapi, na dumu la lita 20 ni bei gani lisipotoka. Nyumba za mlimani ndizo hukosa kwanza presha ikishuka. Umeme, angalia kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia.

Kuna vipimo viwili vya kisheria vya kushika kichwani. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na kutoka ufukwe wa ziwa shughuli za kudumu zinakatazwa ndani ya mita 60, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Nyumba yenye alama ya X nyekundu usiilipie miezi sita hata ikiwa nafuu. Ya ufukweni, uliza maji yalifika wapi mwaka 2020 na 2024, ziwa lilipofurika.

Dalali atakwambia reli ya kisasa inakuja. Ujenzi wa Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ni kweli upo, lakini kodi unaanza kuilipa leo, kwa hiyo lipia usafiri uliopo leo. Ada ya dalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, nawe uitoe baada ya kuona mkataba wenye jina la mwenye nyumba, si kabla. Omba kulipa miezi mitatu badala ya sita. Wengi wanakubali ukiwaambia kwa heshima kwamba unataka kwanza kuiona nyumba wakati wa masika. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji ashuhudie, naye ndiye wa kumwuliza kama kweli aliyekupokea ni mwenye nyumba au ni mpangaji mwenzako.