Jinsi ya Kupata Ruhusa ya Kuuza Pombe katika Bustani ya Umma: Mwongozo kwa Jumuiya za Afrika Mashariki Walioko England na Wales

Kila kiangazi jumuiya za Watanzania, Wakenya na Wakongo waishio Uingereza hukusanyika katika bustani za miji kwa nyama choma, muziki na michezo ya watoto, na karibu kila kamati ya maandalizi hukutana na maswali mawili: je, watu wanaruhusiwa kunywa pombe pale, na je, kamati inaweza kuiuza ili kufidia gharama? Maswali hayo yanatawaliwa na sheria tofauti, na anayeyachanganya hujikuta ama anaogopa bure, ama anavunja sheria bila kujua. Maelezo yafuatayo yanahusu England na Wales peke yake, kwa kuwa Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za leseni.

Kabla ya yote: kunywa bila kuuza

Hakuna sheria ya nchi nzima inayomkataza mtu mzima kunywa pombe yake mwenyewe katika bustani ya umma. Kinachoweza kumzuia ni kanuni ndogo za bustani husika au amri ya eneo inayotolewa na halmashauri chini ya sheria ya mwaka 2014 inayohusu tabia za kero, amri ambayo kwenye mabango huandikwa kwa herufi PSPO. Amri hiyo hudumu kwa muda usiozidi miaka 3 isipohuishwa, kwa hiyo bango lililochakaa langoni si ushahidi wa kutosha, na ni salama zaidi kutazama orodha ya maeneo katika tovuti ya halmashauri. Mahali ambapo amri ya namna hiyo inahusu pombe, kosa hutokea pale polisi au ofisa aliyeidhinishwa anapokutaka uache kunywa au ukabidhi kinywaji nawe ukakaidi. Mkaidi anaweza kutozwa faini ya papo hapo isiyozidi paundi 100, na akifikishwa mahakamani faini inaweza kufika paundi 500. Vijana walio chini ya miaka 18 wanaweza kunyang'anywa pombe hadharani hata pasipo amri yoyote.

Kwa hiyo, ikiwa kila familia inakuja na kikapu chake na hakuna fedha inayobadilishana mikono kwa ajili ya kinywaji, huhitaji leseni ya pombe. Utahitaji tu idhini ya kutumia uwanja, ambayo tutaifikia.

Je, mchango ni mauzo?

Hapa ndipo jumuiya zetu hujikwaa, kwa sababu tumezoea kuchangishana. Kamati hutangaza kwamba kiingilio ni paundi 15 pamoja na bia mbili, au huweka kisanduku cha mchango kando ya pipa la barafu na kumwangalia kwa jicho kali asiyetumbukiza kitu, kisha husema kwamba haijauza chochote. Sheria ya Leseni ya mwaka 2003 haitazami jina mliloyapa malipo hayo. Hutazama kama mtu amelazimika kutoa fedha ili apate pombe. Tiketi inayojumuisha kinywaji ni mauzo. Mchango usioepukika ni mauzo. Pombe inayogawiwa bure kwa kila mgeni, awe ametoa au hajatoa, si mauzo, ingawa ni lazima iwe bure kweli.

Kuuza bila ruhusa ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Ninashauri kamati iliamue suala hili mapema na iliandike katika kumbukumbu za kikao, kwa maana mara nyingi mtu mmoja huamua siku yenyewe kuuza katoni zilizobaki.

Idhini ya mwenye uwanja

Ruhusa ya kuuza pombe haikupi haki ya kutumia bustani. Idara ya bustani au ya matukio katika halmashauri huwa na fomu yake, ada yake na muda wake, na muda huo mara nyingi ni wa wiki kadhaa au hata miezi, mrefu kuliko ule wa leseni, kwa hiyo anzeni huku. Tarajieni kuombwa mpango wa usalama, maelezo ya vyoo na taka, na bima ya dhima kwa umma, yaani ile inayolipa mgeni akiumia au mali yake ikiharibika kwa sababu ya tukio lenu, ambayo halmashauri nyingi hutaka ifike paundi milioni 5 au zaidi. Ulizeni waziwazi kuhusu jiko la mkaa, kwa kuwa bustani nyingi zinakataza moto ulio chini kwenye nyasi au zinaruhusu nyama choma sehemu maalumu tu, na ulizeni pia kama chupa za vioo zinakubalika. Jijini London, kumbukeni kwamba Hyde Park na nyingine za kifalme haziko chini ya idara ya bustani ya halmashauri, bali husimamiwa na taasisi ya Royal Parks.

Swali la maana zaidi la kuiuliza idara hiyo ni hili: je, bustani ina leseni yake ya kudumu? Baadhi ya halmashauri zimejipatia leseni kwa viwanja vinavyotumika sana, na zikikubali mtumie leseni hiyo, hatua zinazofuata zinaweza zisihitajike. Swali hilohilo linafaa kuulizwa mnapokodi ukumbi wa jamii.

Fomu yenyewe

Pasipo leseni ya kudumu, mtawasilisha taarifa iitwayo Temporary Event Notice, ambayo maofisa huifupisha TEN. Huwasilishwa kwa kitengo cha leseni cha halmashauri ambamo bustani imo, wala si kule anakoishi mwombaji, na ada yake ni paundi 21 zisizorudishwa. Mwombaji ni mtu mmoja mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na yeye ndiye atakayewajibika. Jumuiya haiwezi kujificha nyuma ya jina la chama.

Fomu itauliza jina kamili na majina ya awali, tarehe na mahali pa kuzaliwa, namba ya bima ya taifa, anwani, aina ya tukio, na shughuli zitakazofanyika. Msiishie kwenye alama ya pombe. Muziki na ngoma huweza kuhitaji kutajwa, na chakula au kinywaji cha moto kinachouzwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri nacho ni shughuli ya leseni, kwa hiyo mishikaki ya usiku wa manane ina sehemu yake kwenye fomu. Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, yaani saa 8 mchana iwe 14:00, maana kwa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili ni rahisi kuandika 08:00 na kujikuta ameombea asubuhi.

Eleza eneo kwa usahihi na uambatishe ramani ikiwezekana. Si lazima liwe bustani nzima. Linaweza kuwa hema moja na uzio wake. Idadi ya watu waliomo kwa wakati mmoja haipaswi kuzidi 499, na hapo wamo wahudumu, wapiga muziki, walinzi na watoto. Mkitarajia watu 500 au zaidi, itabidi muombe leseni kamili, ambayo peke yake ina siku 28 za kupokea maoni ya wananchi. Tukio moja haliwezi kuzidi saa 168.

Kuhesabu siku

Taarifa lazima ipokelewe siku 10 kamili za kazi kabla ya tukio. Siku ya kupokelewa haihesabiwi, wala siku ya tukio, wala Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma. Chukua tukio la Jumamosi, 5 Septemba 2026: kwa kuwa Jumatatu ya 31 Agosti ni sikukuu, siku ya mwisho ya taarifa kupokelewa ni Alhamisi, 20 Agosti, ingawa kwa hesabu ya haraka mtu angedhani Ijumaa inatosha.

Ipo pia taarifa ya kuchelewa, inayopokelewa kati ya siku 9 na siku 5 za kazi kabla ya tukio. Usiitegemee. Kwa taarifa ya kawaida, polisi au idara ya afya ya mazingira wakipinga, kinaitishwa kikao na mwombaji husikilizwa. Kwa taarifa ya kuchelewa, pingamizi moja tu linaizima bila kikao.

Ukiwasilisha kwa mtandao, halmashauri yenyewe hupeleka nakala kwa polisi na idara hiyo. Ukipeleka karatasi, kupeleka nakala ni jukumu lako. Wao wana siku 3 za kazi za kupinga, kwa misingi ya uhalifu, usalama wa umma, kero au ulinzi wa watoto. Majirani hawana nafasi ya kupinga rasmi, lakini kuwaarifu mapema hupunguza simu za malalamiko.

Siku ya tukio

Taarifa iliyothibitishwa ibandikwe panapoonekana, au iwe mikononi mwa mtu aliyeteuliwa. Ndani ya eneo lake na kwa saa zake, pamoja na nusu saa baada ya hapo, katazo la pombe la PSPO halifanyi kazi. Muuzaji adai kitambulisho kwa kijana yeyote, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti, na asimuuzie mtu aliyekwisha kulewa, kwani hilo nalo ni kosa. Watakaorudi nyumbani kwa usafiri wa umma London waambiwe kwamba tangu 1 Juni 2008 ni marufuku kunywa au kubeba kopo lililofunguliwa ndani ya mabasi na treni za chini ya ardhi.

Wekeni kumbukumbu ya taarifa mlizotumia. Mtu asiye na leseni binafsi ya kuuza pombe ana taarifa 5 kwa mwaka, na kati ya hizo za kuchelewa zisizidi 2. Mwenye leseni hiyo ana 50, za kuchelewa zikiwa 10. Eneo moja halipati zaidi ya taarifa 15 na siku 21 kwa mwaka, na kati ya matukio mawili ya mwombaji yuleyule katika eneo hilo zipite saa 24. Kumtumia mke, kaka au mfanyakazi hakusaidii, kwani taarifa zao huhesabiwa kama zako. Hesabu huanza upya 1 Januari, na mkesha wa mwaka mpya unaovuka usiku wa manane hukatwa katika miaka yote miwili.