Mwezi wa angani, mwezi wa mshahara: kutumia mensis, mēness na mēnesis

Kwetu neno ni moja: mwezi umeandama, mwezi umekwisha. Kilatini na Kilatvia havikuruhusu uzembe huo. Kilatini kina luna kwa mwezi wa angani na mensis kwa mwezi wa kalenda. Kilatvia kina mēness wa angani na mēnesis wa kalenda, yote mawili ya ukoo mmoja na mensis, na yanafanana kiasi cha kumtoa jasho mwanafunzi.

Hatua ya 1: Amua ni mwezi upi

Kabla ya kutafsiri, weka neno "Machi" baada ya "mwezi wa". Likikaa sawasawa, ni mensis au mēnesis. Kama unaozungumziwa unaandama au unapatwa, ni luna au mēness.

Hatua ya 2: Kilatini

Mensis ni jinsi ya kiume, kundi la tatu. Umoja: mensis (kiima), mensis (umilikaji, yaani "wa mwezi"), mensi (kumpa au kukipa), mensem (shamirisho), mense (wakati, au baada ya vihusishi kama "kutoka"). Wingi: menses, mensium, mensibus, menses, mensibus. Mensum badala ya mensium nayo imo katika maandishi ya kale, usiisahihishe.

Muda unabadilisha umbo: tres menses ni "kwa miezi mitatu" mfululizo, tribus mensibus ni "ndani ya miezi mitatu". Majina ya miezi ni vivumishi, kwa hiyo "mwezi Machi" katika wakati ni mense Martio. Aprili inakuja mense Aprili, si Aprile. Hapo wengi huteleza.

Mtego mwingine: mensa, "meza" (meza yetu yenyewe imetoka huko, kupitia Kireno). Wingi wake baada ya in ni mensis, kwa i ndefu ambayo vitabu vingi haviiwekei alama. In mensis ni "mezani", juu ya meza kadhaa. "Katika mwezi" ingekuwa in mense.

Hatua ya 3: Kilatvia

Habari njema: maneno yote mawili yana maumbo yaleyale karibu kote, mēnesim (kumpa au kukipa), mēnesi (shamirisho), mēnesī (mahali au wakati), na wingi, kuanzia kiima na umilikaji, mēneši, mēnešu, mēnešiem, mēnešus, mēnešos. Yanaachana sehemu mbili tu za umoja. Kiima ni mēness kwa mmoja, mēnesis kwa mwingine. Umilikaji ni mēness (haubadiliki) kwa wa angani, mēneša kwa wa kalenda. Hiyo s iliyogeuka š, inayotamkwa sh, si kigeni kwako: ndivyo k ya pika inavyogeuka katika mpishi.

Tazama jozi hii:

mēness gaisma: mwanga wa mwezi
mēneša alga: mshahara wa mwezi

Mmiliki hutangulia, kinyume cha Kiswahili. Ukiandika mēness alga umetangaza mshahara unaolipwa na mwezi wa angani, na Mlatvia atacheka kabla ya kukusahihisha. Umbo hilohilo la umilikaji ndilo linalofuata pirms na pēc: pirms mēneša, "mwezi mmoja uliopita", pēc mēneša, "baada ya mwezi".

Hesabu ina kioja. Divi mēneši, miezi miwili, ni wingi kama ulivyotarajia. Lakini 21 ni divdesmit viens mēnesis, umoja, kwa sababu namba inaishia na moja. Kumi na moja haihusiki: vienpadsmit mēneši.

Kama gimba la angani, andika Mēness kwa herufi kubwa. Majina ya miezi, kama janvāris, huanza kwa ndogo.

Hatua ya 4: Kiwakilishi na mkazo

Luna ni kike, mēness ni kiume: luna plena, pilns mēness, mwezi mpevu. Katika nyimbo za jadi za Kilatvia Mēness ni mwanamume na Saule, jua, ni mwanamke. Kwa Warumi ni kinyume: sol ni kiume, luna kike. Kiswahili husema "yeye" kwa wote, kwa hiyo mtafsiri wa nyimbo hizo aweke neno "bwana" au "mume" mapema, la sivyo msomaji hataelewa nani anamposa nani.

Mkazo wa mensis uko pale ulipozoea, silabi ya pili kutoka mwisho. Mēnesis hukazwa silabi ya kwanza, MĒ-ne-sis; ukikaza -ne- umeusema kwa lafudhi ya Pwani.