Una keloidi na unafanyiwa au umefanyiwa upasuaji wa tezi dume? Soma hapa kwanza

“Mwenye keloidi akifanyiwa upasuaji wa tezi dume, itaota na ndani ya mrija wa mkojo?” Swali hili naulizwa kila wiki, hasa na wenye wazee waliotoka kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo naliandika mara moja.

Keloidi, yaani kovu nene linaloota kuzidi kidonda chenyewe, huota kwenye ngozi, haioti ndani ya mrija wa mkojo. Ila mwili unaotengeneza kovu kupita kiasi huku nje unaweza kufanya hivyo na ndani, mrija ukasinyaa. Utafiti wa Marekani wa 2001, kwa wanaume waliotolewa tezi dume nzima, ulionyesha kwamba wenye kovu la upasuaji tumboni lililozidi upana wa milimita 10 walipata zaidi tatizo la kusinyaa pale kibofu kinapoungwa na mrija.

1. Mwonyeshe daktari keloidi yako kabla ya upasuaji.

2. Mpira wa mkojo ufungwe pajani usivutike. Usiutoe mwenyewe.

3. Mpira ukishatolewa, pima mkojo mara moja kwa wiki. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Subiri ubanwe kweli, kojoa kwenye jagi lenye mistari huku ukihesabu sekunde, kisha gawanya. Mililita 300 kwa sekunde 20 ni 15 kwa sekunde. Ukipata chini ya mililita 150, usiandike, kibofu hakikujaa. Usijikamue ili namba ipande, utaficha tatizo. Namba moja haisemi kitu. Ikishuka wiki hadi wiki, au mkojo ukitoka umegawanyika njia mbili, rudi kliniki.

4. Mkojo ukigoma kabisa, nenda hospitali usiku huohuo. Wa kisiwa cha Ukerewe msisubiri kivuko cha asubuhi, anzeni hospitali ya hapo Nansio.

MASWALI

Nina keloidi sikioni, nikatae upasuaji?
– Soma hatua ya 1. Sijasema ukatae. Wenye keloidi wengi wanapona vizuri tu.

Mizizi ya kukojoza je?
– Hapana. Hailainishi kovu. Njia imebana halafu unajaza kibofu?

Sista, nasikia mrija uliosinyaa wanaurekebisha kwa ngozi ya ndani ya shavu. Mdomoni hakutaota keloidi?
– Swali zuri sana, kaka. Keloidi mdomoni ni nadra mno. Utando ule hauna nywele na umezoea unyevu, ndiyo maana wanauchukua. Kidonda cha shavuni hupona haraka, ila siku za mwanzo kula uji na vitu laini.

Na binti yangu anayetaka kutoboa masikio?
– Kama ukoo wenu una keloidi, mwache na hereni za kubana. Keloidi iliyokwishaota isikatwe tu ikaachwa, hurudi. Muulize daktari wa ngozi kuhusu sindano ya triamsinoloni, dawa ya kupunguza kovu.