Somo: Kumkinga mzazi na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua

Somo hili ni la wakunga wenzangu wa Pemba, na pia la jamaa wanaomlea mzazi nyumbani. Damu huhesabiwa kuwa nyingi inapofika nusu lita ndani ya saa 24 za mwanzo, na anayeikisia kwa macho hukisia pungufu, kwa kuwa sehemu kubwa huzama kwenye godoro na nguo. Kanga ya kisutu, kwa wekundu wake, ni mwongo mkubwa. Mtandikieni mzazi kitambaa cheupe.

Hatua ya kwanza huanza miezi kabla. Mjamzito apimwe wingi wa damu kliniki na ameze vidonge vya madini ya chuma kila siku, kwa sababu aliyepungukiwa na damu huzidiwa kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Wa visiwa vidogo vya Fundo na Makoongwe wapange mapema chombo cha kuvukia na mtu wa kuchangia damu.

Hatua ya pili ni ya dakika moja. Mtoto akishatoka, mkunga ahakikishe kuwa hakuna pacha tumboni, kisha amdunge mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 kwenye msuli. Dawa hii huharibiwa na joto, kwa hiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikikosekana, mama humeza misoprostoli mikrogramu 600, kamwe si kabla ya mtoto kutoka. Kondo la nyuma halivutwi mpaka mji wa mimba ukaze, na likitoka hukaguliwa kama limekamilika.

Hatua ya tatu ndiyo tunayoipuuza, tukidhani kazi imekwisha. Kwa saa mbili, kila baada ya dakika 15, papasa chini ya kitovu: mji uliokaza ni mgumu mithili ya nazi iliyofuliwa. Ukibonyea, uchue mpaka ukaze na uite msaada. Mama akojoe, kwani kibofu kilichojaa huuzuia kukaza, na mtoto anyonye.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Micheweni: Assalamu alaykum, bi mkunga. Mama mkwe anasema damu nyingi ni uchafu, iachwe imalizike yenyewe. Ni kweli?

Jibu: Waalaykumu salaam, mwanangu. Ni kweli kwamba damu ya uzazi hutoka kwa wiki kadhaa, lakini hupungua siku hadi siku. Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au mzazi akishikwa na kizunguzungu na kutokwa na jasho la baridi, mpelekeni hospitali hapo hapo. Kumkanda kwa maji ya moto hakuzuii damu.

Mwanachama, Wete: Nimeshadunga oksitosini na damu haijakatika. Asidi ya traneksamiki, ile dawa ya kusaidia damu igande, nisubiri kwanza?

Jibu: Usisubiri, mwenzangu. Gramu 1 hudungwa polepole kwenye mshipa, ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo haimsaidii tena.